GPS ni ghali kuliko nini? Kisa cha kola za punda milia Laikipia

Kila baada ya dakika nane kola, yaani mkanda wa shingoni wenye vifaa vya kumfuatilia mnyama, inaamka. Chipu iliyokuwa imelala inawasha kipokezi cha GPS, mfumo wa kujua mahali kwa kusikiliza setilaiti, inasubiri sekunde kadhaa, inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu: latitudo, longitudo, saa. Kisha inazima kila kitu na kurudi usingizini. Punda milia aliyeivaa hana habari. Anaendelea na majani yake, anapunga mkia kufukuza nzi. Kila baada ya saa mbili kola hiyohiyo inafungua redio na kuuliza kama kuna kola nyingine jirani. Ikiipata, zinapeana mistari yote, yao wenyewe pamoja na ile waliyoachiwa na wengine waliokutana nao juzi, mpaka siku gari la watafiti litakapopita karibu na mmoja wao na kuzoa yote kwa mkupuo.

Hiyo ndiyo ZebraNet, mradi wa Chuo Kikuu cha Princeton. Januari 2004 kola zake zilifungwa kwenye shingo za punda milia wachache katika hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki, mahali ambapo leo ni sehemu ya Ol Pejeta Conservancy. Upande wa kompyuta alikuwepo Margaret Martonosi na wanafunzi wake. Upande wa wanyama alikuwepo Daniel Rubenstein, mwanabiolojia ambaye punda milia wa Laikipia anawajua kwa miaka mingi. Tanzania vifaa vya namna hii wanaviita visukuma mawimbi, jina ninalolipenda, ila hapa nitasema kola kwa sababu ndivyo wengi tunavyosema.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya sentensi moja inayonikera. Ukifungua karibu andiko lolote kuhusu kukadiria mahali vilipo vifaa kwenye mtandao usio na mnara, yaani vifaa vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, aya ya kwanza itakuambia: GPS ni ghali, inakula betri, kwa hiyo tuiweke kwenye vifaa vichache na vingine vijikadirie kwa kuwasikiliza majirani. Wanafunzi wanaikariri, wanaijengea tasnifu nzima juu yake. Sijaona wengi wanaouliza: ghali kuliko nini? Watu wa ZebraNet walikuwa na kila sababu ya kufuata njia hiyo ya majirani, na hawakuifuata. Kila kola ilipewa GPS yake. Ninataka kuonyesha kwa hesabu kwamba walifanya sawa, na kwamba sababu yenyewe si ile inayodhaniwa.

Kwanza masharti. Watafiti walitaka mfumo usiotegemea mnara wa simu wala antena ya kudumu, kwa sababu mnyama haangalii ramani ya mtandao anapohama. Walitaka kola ikae mwaka mzima bila mtu kuigusa, maana kumkamata punda milia ni kumpiga sindano ya usingizi, na jambo hilo hulifanyi kila betri inapoisha. Uzito nao una kikomo. Kola ni ya kubebwa na mnyama anayekimbia simba. Ndani yake palikuwa na chipu ya MSP430F149 ya Texas Instruments yenye RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kilobaiti 2. Soma tena: kilobaiti, si megabaiti. Picha moja ya WhatsApp haiingii humo hata kipande cha kona. Kulikuwa na kumbukumbu ya flashi, ya kuhifadhia vipimo, ya megabiti 4, betri ya lithiamu inayochajiwa na vipande vya sola vilivyozunguka kola, na redio ya megahezi 900 inayotuma biti 19,200 kwa sekunde.

Sasa tuingie ndani ya zile sekunde kadhaa ambazo GPS imewashwa, maana utajiri wa kisa umelala humo.

Setilaiti ya GPS iko juu kiasi cha kilomita 20,200 na inatangaza mambo mawili: ni saa ngapi, na mimi mwenyewe niko wapi. Kipokezi kikijua mawimbi yametoka saa ngapi na yamefika saa ngapi, kinajua umbali, kwa sababu mwendo wa mwanga unajulikana. Tatizo ni kwamba saa ya kola ni ya bei poa. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo sababu zinahitajika setilaiti nne wala si tatu: vitu vinavyotafutwa ni vinne, yaani pande tatu za mahali na kosa la saa yako. Hapa tafadhali weka alama, tutaparudia: anayepata mahali kwa GPS anapata na saa sahihi, apende asipende.

Lile tangazo la pili, la setilaiti kueleza njia yake, linakuja polepole mno. Ni biti 50 kwa sekunde. Fungu zima ni biti 1,500, kwa hiyo linachukua sekunde 30, na sehemu inayohusu njia ya setilaiti hiyo inakula sekunde 18 kati ya hizo. Kipokezi kisicho na taarifa hizo lazima kikae macho mpaka kizipate kwa kila setilaiti inayotumika. Tawi la mgunga likikata mawimbi katikati, kinasubiri mzunguko unaofuata. Lakini taarifa zikishaingia zinafaa kwa saa kama nne, na setilaiti huzibadilisha kila baada ya saa mbili hivi. Kipokezi kilichokuwa macho dakika nane zilizopita hakihitaji kusubiri tena. Kinakumbuka ratiba, kinasikiliza sekunde chache, kinapima, basi.

Kwa hiyo mahali kuna bei ya jumla na bei ya rejareja. Niweke makadirio yangu mwenyewe: kipimo cha harakaharaka ni sekunde 12, kipimo cha kusubiri ratiba mpya ni sekunde 40. Ukipima kila dakika nane, katika saa mbili unapata vipimo 15. 14 vya haraka na kimoja kirefu, jumla sekunde 208. Kwa siku nzima ni vipimo 180 kwa sekunde 2,496. Sasa chukua mbahili anayeona dakika nane ni ufujaji, akaamua kupima kila saa nne, mara sita tu kwa siku. Kila mara ratiba yake imechakaa, hata kujua setilaiti zipi ziko juu kunamchukua muda, tuseme sekunde 45. Jumla 270. Mbahili amelipa sekunde 45 kwa kila kipimo. Wa kwanza amelipa wastani wa sekunde 14. Amepata vipimo mara 30 zaidi kwa umeme mara tisa tu.

Kipokezi cha enzi hizo kilikuwa kinakula kama nusu wati. Sekunde 2,496 kwa nusu wati ni wati-saa 0.35 kwa siku. Betri ya ampea-saa 2 kwa volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Kama GPS ingekuwa peke yake, siku 21 bila hata jua. Kama ungeiacha imewaka muda wote, wati-saa 12 kwa siku, betri ingekauka kabla ya saa 15 kwisha. Nadhani ile sentensi ya "GPS ni ghali" ilizaliwa kwenye hesabu hii ya pili, ya kipokezi kilichoachwa wazi kama bomba la maji, kisha ikaendelea kurithishwa.

Na redio je? Tuseme kila baada ya saa mbili kola inasikiliza kwa dakika tano. Mara 12 kwa siku ni saa nzima. Redio ya aina ile ikisikiliza tu, haijatuma hata biti moja, inakula kama wati 0.3. Saa moja, wati-saa 0.3. Linganisha na 0.35 ya GPS. Kusikiliza majirani na kusikiliza setilaiti ni karibu bei ile ile. Kutuma kwenyewe ni jambo dogo: rekodi moja tuiweke baiti 32, vipimo 180 ni baiti 5,760, biti 46,080, sekunde mbili na nusu hewani. Kinachogharimu ni kukaa macho ukimngoja mtu ambaye huenda hayupo.

Ukilishika hilo, njia ya majirani inaanza kuonekana kwa sura nyingine. Hebu tuipe nafasi yake kwanza, maana ni njia nzuri mahali pake. Ya msingi zaidi ni ile iliyopendekezwa na Nirupama Bulusu, John Heidemann na Deborah Estrin mwaka 2000: kifaa kisichojua mahali kinasikiliza vifaa vinavyojua, tuviite nanga, kinachukua wastani wa mahali pa nanga zote kinazozisikia, kinasema "nipo hapo katikati." Mwaka uliofuata Dragoş Niculescu na Badri Nath wa Rutgers wakaleta DV-Hop, inayohesabu miruko. Nanga A inatuma salamu, kila kifaa kinaipokea na kuipitisha kikiongeza moja. Salamu ikimfikia nanga B baada ya miruko 3 na nanga C baada ya miruko 4, na A anajua kwamba B yuko mita 900 na C mita 1,200, basi anagawa 2,100 kwa 7, anatangaza: huku kwetu mruko mmoja ni mita 300. Kifaa kilicho miruko miwili kutoka kwa A kinajiandikia mita 600. Kikiwa na umbali wa nanga tatu kinajua mahali pake. Hakuna kipimo cha mawimbi, hakuna kifaa cha ziada, ni kuhesabu tu. Kwenye shamba la mikonge lililopandwa vihisi kwa mistari, ningeitumia bila kusita.

Ipeleke Sweetwaters uone. Chukua kola saba katika eneo la kilomita 100 za mraba, na redio inayosikika kilomita moja. (Karatasi za redio ile zinataja umbali mkubwa zaidi ya huo uwanja ukiwa wazi, lakini shingoni mwa mnyama, nyuma ya kichaka, mambo ni mengine.) Kama wanyama wangetawanyika ovyo, kila kola ingekuwa na wastani wa majirani 0.19. Chini ya robo ya jirani! Hesabu za miruko zinataka majirani saba, nane na kuendelea ili wastani wa mita kwa mruko uwe na maana. Kupata wanane katika eneo hilo ungehitaji kola kama 256. Hapo umenunua kola 249 zaidi ili uokoe kipokezi cha GPS.

Punda milia, bahati mbaya kwa mhandisi, hawatawanyiki ovyo. Wanasimama pamoja kama watu kwenye kivuli cha mwembe, kisha kilomita tatu hakuna mtu. Ndani ya kundi kila mmoja yuko mruko mmoja kutoka kwa kila mmoja. Nje ya kundi hakuna mruko kabisa. Mita kwa mruko haipo, kwa sababu hakuna mahali ambapo kuna mruko wa pili. DV-Hop inadhani vifaa vimesambaa sawasawa kama mchele kwenye ungo. Hapa mchele umemwagika mafungu mafungu.

Wengine watasema: basi pima nguvu ya mawimbi, yanavyofifia ndivyo umbali unavyoongezeka. Karibu na ardhi, penye majani na miti, tuseme mawimbi yanafifia kwa umbali wenye kipeo cha 3, yaani umbali ukiwa mara mbili nguvu inabaki moja ya nane. Mnyama akigeuka na mwili wake ukaingia kati ya antena mbili, tuseme unakata desibeli 10, yaani nguvu inabaki moja ya kumi. Kwenye hesabu ya umbali, desibeli 10 ni kuzidisha kwa 2.15. Jirani aliye mita 400 anaonekana yuko mita 860, na hakuna aliyepiga hata hatua moja. Amegeuza kichwa tu kuangalia upande wa pili.

Ila yote hayo, ya majirani wachache na mwili unaokata mawimbi, ni matatizo ambayo mtu angeweza kuyapigania. Lililo zito zaidi ni lile tuliloliwekea alama: saa.

Kola mbili haziwezi kuzungumza kama hazikuamka kwa wakati mmoja. Saa ya ndani ya kola inaendeshwa na kijiwe cha kwatzi, ndugu wa kile cha saa ya mkononi, kinachokosea tuseme sehemu 20 kwa milioni. Kwa siku ni sekunde 1.7. Kola moja ikitangulia na nyingine ikichelewa, zinaachana sekunde tatu na nusu kila siku. Mwezi ukiisha ni sekunde 104, yaani theluthi ya zile dakika tano za kusikilizana imekwisha potea. Siku ya 87 dirisha la mmoja linafungwa kabla la mwenzake halijafunguliwa. Wanaweza kusimama ubavu kwa ubavu kwenye dimbwi, redio zote nzima, betri zimejaa, wasisikizane kamwe. Jua la Laikipia mchana na baridi ya Mlima Kenya usiku havisaidii, kwa sababu kijiwe hicho hubadilika na joto.

Ndiyo, kola zinaweza kusahihishana saa zinapokutana. Lakini mradi wote ulijengwa kwa ajili ya yule ambaye hajakutana na mtu kwa wiki tatu, dume aliyefukuzwa kundini na kuzurura peke yake. Siku atakaporudi ndipo tunamhitaji zaidi, na ndipo saa yake itakuwa imepotea kupita zote. Dawa ya kumsubiri ni kurefusha dirisha la kusikiliza, na tumeona dirisha la kusikiliza linauzwaje. Ukilifanya dakika 15 badala ya 5, umeongeza wati-saa 0.6 kwa siku. Umetupa GPS ya 0.35 uokoe umeme, ukajikuta unalipa 0.6 kwa kukosa saa.

Kama nimelipata jibu la swali langu kwenye kisa hiki, ni hapo. GPS ya kola ilikuwa inanunua vitu viwili kwa bei ya kimoja. Andiko linalolinganisha njia za kukadiria mahali kwa usahihi wa mita peke yake, bila kuweka kwenye mizani saa ambayo redio inaitegemea, limesahau nusu ya risiti.

Bahati nayo ilikuwepo, tusiifiche. Mpaka 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na mtu wa kawaida alikuwa anakosea kufikia mita 100. Siku hiyo walizima. Kama kola zingefungwa miaka mitano kabla, kipokezi cha bei nafuu kisingeweza kumwambia Rubenstein kama mnyama yuko kwenye kichaka au kwenye uwanda wa pembeni, na hilo ndilo alilotaka kujua.

Turudi kwenye dakika nane. Je, zilitosha? Punda milia anayetembea kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa anakwenda mita 530 kwa dakika nane. Katikati ya vipimo viwili huenda yuko mita 260 hivi kutoka penye kipimo kilicho karibu. Kwa swali la "wanakunywa maji wapi na kurudi lini" inatosha na kusaza. Kwa swali la "alipotoka mbio, alikimbilia wapi kwanza" haitoshi, kwa sababu mnyama huyo akikurupuka anafika kilomita 60 kwa saa, na dakika moja ya mbio hizo ni kilomita nzima. Hapa ndipo ninapoona njia ya majirani ingekuwa na kazi, si ya kuchukua nafasi ya GPS, ila ya kujaza katikati.

Mwaka uleule wa 2004 Lingxuan Hu na David Evans wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha njia iliyogeuza dhana iliyokuwepo. Wengi walikuwa wanaona vifaa vinavyotembea ni taabu. Wao wakaonyesha kwamba kutembea kunasaidia: kifaa kikijua kilikuwa wapi na hakiwezi kwenda kasi kuliko kiasi fulani, mahali kinapoweza kuwepo ni duara, kikisikia nanga, mahali kinapoweza kuwepo ni duara jingine, jibu liko pale maduara yanapolaliana. Tuseme GPS imezibwa na matawi tangu saa nane mchana. Saa nane na nusu kola inasikia mwenzake aliye kilomita 2.5 kutoka pale ilipopima mara ya mwisho. Kwa mwendo wa kutembea, nusu saa ni kilomita 2. Redio ni kilomita 1. Mnyama yuko kwenye kipande chembamba kama kipande cha tikiti, kati ya kilomita 1.5 na 2 kutoka mwanzo, upande wa mwenzake. Hakuna umeme wa ziada uliotumika, redio ilikuwa imefunguliwa tayari kwa shughuli nyingine. Hesabu ya maduara mawili inaingia kwenye RAM ya kilobaiti 2 na nafasi inabaki.

Na kuna njia rahisi kuliko hiyo, ambayo haihitaji hata hisabati. Inahitaji kumuuliza mwanabiolojia. Punda milia wa kawaida wanaishi kwa familia: dume mmoja, majike kadhaa, watoto wao. Familia hiyo hulala pamoja, huamka pamoja, huenda majini pamoja. Jike mmoja akipimwa kwa GPS, majike wenzake wamepimwa. Kola zao zinahitaji tu kutoa mlio mdogo wa redio, wenye nguvu ya kufika mita 100, na kola yenye GPS iandike: leo saa nne nimewasikia namba tatu na namba tano. Hapo kosa lako ni mita 100, umeme wa GPS umegawanywa kwa idadi ya wanafamilia, na saa ya kundi inatoka kwa yule mmoja.

Lakini Laikipia kuna punda milia wa aina mbili. Punda milia wa Grevy, wale wenye milia myembamba na masikio makubwa ya duara, hawana familia za namna hiyo. Dume anashikilia eneo lake, majike wanaingia na kutoka, leo na huyu kesho na yule. Ukimwazima jike wa Grevy mahali pa mwenzake, asubuhi utakuwa sahihi na jioni utakuwa umemweka kilomita tano kutoka alipo, na hakuna kitu kwenye data kitakachokuonya. Njia ileile, nyasi zilezile, mnyama wa jina lilelile kwa Kiswahili, na jibu ni kinyume. Sijui andiko la hisabati linaloweka "je, majike wanahamahama?" kwenye orodha ya vigezo.

Kuna gharama moja ambayo imebaki, nayo inaelekea kusahaulika kwa sababu haionekani kwenye betri. Megabiti 4 za flashi ni kilobaiti 512. Kwa rekodi za baiti 32 kila dakika nane, mnyama mmoja anajaza kwa siku 91. Ila kola inabeba pia za wenzake. Ikibeba za wanyama saba, ni siku 13, kisha lazima ianze kufuta. Nani afutwe? Akifutwa wa kale zaidi, huenda ndiye ambaye hajafikiwa na gari. Upimaji wa mara kwa mara uliokuwa rahisi kwa umeme, kwa sababu ya ile bei ya jumla, unageuka mzigo kwenye kumbukumbu. Kama ningekuwa mezani kwao ningepima kila dakika nane, ili ratiba za setilaiti na saa zibaki mbichi, lakini nisingehifadhi kila kipimo. Mnyama aliyelala chini ya mti kutoka saa sita hadi saa tisa mchana anahitaji mistari miwili: amelala, ameamka. Mistari 20 ya katikati inasema kitu kilekile.

Miaka 20 na ushei imepita. Vipokezi vya GPS vya sasa vinakula milliwati makumi machache, sehemu ndogo ya nusu wati ya wakati ule. Mtu angetarajia ubishi wote umekwisha. Lakini redio nazo zimeshuka: ya LoRa, aina ya redio ya masafa marefu, ikisikiliza inakula milliwati makumi machache vilevile. Mizani imebaki karibu palepale. Kilichobadilika ni upande mwingine kabisa, pesa. Mfugaji mwenye ng'ombe 200 hawezi kuwafunga wote kola ya GPS, si kwa sababu ya betri, ni kwa sababu ya bei ya kola moja mara 200. Huyo ndiye anayehitaji kola tano za GPS na heleni 195 za sikioni zinazolia kila baada ya dakika kadhaa, na ng'ombe wake, tofauti na majike wa Grevy, jioni wanarudi zizi moja.

Heleni hizo bado zinataka saa. Inabidi ng'ombe mwenye kola azipe saa kila anapozisikia, na ile ya ng'ombe aliyepotea na ndama wake porini siku tano iendelee kulia bila kujua kama kuna anayesikiliza.